Uuguzi ulipoanza kuonekana kwenye hesabu

Chukua bili ya hospitali ya Marekani uisome mstari kwa mstari. Utakuta bei ya kipimo cha damu, bei ya eksirei, bei ya kidonge kimoja kimoja cha maumivu, na bei ya daktari wa usingizi ambaye mgonjwa hata sura yake haikumbuki. Mstari wa muuguzi hutauona. Kazi ya yule aliyemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili usiku kucha, akagundua pumzi zimebadilika kabla mashine haijalia, imefungwa ndani ya bei ya chumba, pamoja na mashuka na umeme.

Nililijua jambo hilo miaka mingi kabla sijalitilia maanani. Vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi ya huku Marekani hunipigia simu kuniuliza kuhusu maswali ya dawa, viza na mishahara. Karibu hakuna anayeuliza nani hulipa nini, na kwa masharti gani. Nami huwajibu kwamba hilo ndilo litakaloamua siku yao ya kazi itakavyokuwa, kuliko chochote walichosoma darasani.

Badiliko la kwanza nililolihisi wodini lilikuja Oktoba 2008, kabla hata Obama hajachaguliwa. Medicare, bima ya serikali ya wazee wa miaka 65 na kuendelea pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu, iliacha kulipia gharama ya ziada ya madhara fulani ambayo mgonjwa ameyapata akiwa hospitalini. Yalikuwemo vidonda vya kulalia vilivyochimba ndani, mtu kuanguka na kuumia, na maambukizi ya mkojo yanayoletwa na mpira wa kutolea mkojo. Ukiyatazama hayo matatu, yote yamo mikononi mwa muuguzi. Hadi hapo, kidonda kilichoota kwenye mgongo wa mgonjwa kilimwongezea hospitali malipo. Baada ya hapo kikawa hasara.

Magodoro ya hewa tuliyokuwa tukiyaomba kila mwaka na kujibiwa kwamba bajeti haitoshi yakaja. Ukaanzishwa utaratibu wa wauguzi wawili kumkagua mgonjwa ngozi, utosini hadi visiginoni, mara tu anapolazwa, na kuandika walichokiona. Sababu ya kwanza haikuwa ya kupendeza sana: kidonda ambacho hakikuandikwa siku ya kulazwa kilihesabiwa kuwa chetu, kwa hiyo wakubwa walitaka ushahidi kwamba mgonjwa alikuja nacho. Lakini ukishaanza kutazama visigino vya kila mtu utaona wekundu ambao zamani ungekuja kuuona umeshapasuka. Nilijifunza hapo kutodharau amri njema kwa sababu tu imetolewa kwa nia ya kuhesabu pesa. Pia nilijifunza kutoisahau nia hiyo.

Kisha ikaja sheria yenyewe ya mageuzi ya afya, ile ambayo wengi huiita Obamacare, iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Watu wengi wanaikumbuka kwa bima: mamilioni waliokuwa hawana wakapata, na kampuni zikakatazwa kumkataa mtu kwa kuwa tayari ana ugonjwa. Sisi wa wodi ya moyo tunaikumbuka kwa Oktoba 2012, mwezi ambao adhabu ya wagonjwa kurudi hospitalini ilianza kukatwa.

Utaratibu wake ni huu. Mgonjwa aliyelazwa kwa shambulio la moyo, kwa moyo kushindwa kusukuma damu vya kutosha, au kwa nimonia, akilazwa tena ndani ya siku 30, kurudi kwake kunaingia kwenye hesabu. Hospitali ambayo wagonjwa wake wanarudi kuliko inavyotarajiwa inapunguziwa malipo. Mwaka wa kwanza kiwango cha juu kilikuwa asilimia 1, wa pili 2, kuanzia wa tatu 3. Asilimia 1 inasikika kuwa ndogo mpaka uambiwe kwamba inakatwa kwenye malipo ya msingi ya wagonjwa wote wa Medicare wanaolazwa hapo, hata yule aliyekuja kwa mguu uliovunjika.

Kabla ya hapo, kumruhusu mgonjwa ilikuwa kazi ya dakika za mwisho. Unamkabidhi furushi la karatasi, unasoma haraka majina ya dawa, unamuuliza kama ana swali, anasema hana, anatia saini, kiti cha magurudumu kinafika. Chumba kinatakiwa, kuna mtu anasubiri chini kwenye dharura. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kazi hiyo tu haikuwa na mwenyewe.

Ghafla ikawa kazi kubwa kuliko zote. Tulifundishwa kumtaka mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani, badala ya kumuuliza kama ameelewa. Kwa mgonjwa wa moyo somo lenyewe ni fupi: jipime uzito kila asubuhi ukishakojoa na kabla ya kula, andika, na ukiongezeka pauni mbili au tatu kwa siku moja, au tano kwa wiki, piga simu, usingoje miguu ivimbe. Somo fupi, lakini lina mashimo mengi ya kutumbukia. Nakumbuka mzee mmoja mjane, mpole, aliyejibu ndiyo kwa kila nililomwambia. Nilipomwomba anionyeshe namna atakavyojipima, tulikuta kwamba mizani anayo, ila namba zake hazioni akiwa amesimama juu yake. Alikuwa na kikaratasi cha uzito alichokijaza kwa wiki kadhaa, na namba zote zilikuwa zilezile. Alikuwa akituandikia tulichotaka kusikia. Tulimtafutia mizani inayotamka uzito kwa sauti.

Mwingine alikuwa mama aliyerudi mara kwa mara akiwa amekauka, presha imeshuka, figo zinalalamika. Kila mtu aliandika kwamba hafuati maelekezo. Muuguzi mwenzangu alimwomba bintiye alete chupa zote za dawa kutoka nyumbani, tukazipanga mezani. Dawa ya kupunguza maji mwilini ilikuwapo mara mbili, chupa moja ikiwa na jina la Lasix na nyingine imeandikwa furosemide. Ni dawa ileile. Mama alikuwa akimeza zote mbili, kama alivyoelekezwa na chupa zote mbili. Tatizo lake lilikuwa utii.

Hiyo ndiyo sehemu ya mageuzi ninayoitetea hata leo. Kazi ya namna hii tuliifanya tangu zamani, kwa siri na kwa dakika za kuiba, na hakuna aliyeuliza ilichukua muda gani. Adhabu iliifanya ionekane. Ila ilionekana upande wa hasara tu: hospitali haikulipwa kwa mama yule kukaa nyumbani salama, iliepuka tu kukatwa. Na kitu kinachoonekana upande wa hasara peke yake hupewa pesa ya kutosha kuzuia hasara, basi.

Madhara yake nayo tuliyaona. Walianza kuongezeka wagonjwa waliolala kitandani, wakavaa gauni la hospitali, wakatundikiwa dripu, lakini kwenye mafaili wakaandikwa kuwa wako chini ya uangalizi tu, hawajalazwa. Asiyelazwa hahesabiwi kuwa amerudi. Jaribu kumweleza bibi wa miaka themanini, aliyelala kwenu usiku wa pili, kwamba kisheria yeye ni mgonjwa wa nje, na kwamba kwa sababu hiyo bili yake itakuwa tofauti. Kazi ya kueleza hayo haikupewa mhasibu. Hospitali zinazohudumia watu maskini ziliumia zaidi, kwani mgonjwa asiye na friji ya insulini wala mtu wa kumpeleka kliniki hurudi hata ukimfundisha kwa ufasaha wote. Bunge lilikuja kulikiri hilo katika sheria ya Desemba 2016, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2019 hospitali zikawa zinalinganishwa na zile zenye wagonjwa maskini kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka 2018 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti ulioona kwamba, baada ya adhabu kutangazwa, vifo ndani ya siku 30 za kuruhusiwa viliongezeka kwa wagonjwa wa moyo kushindwa na wa nimonia. Watafiti wengine wameupinga, na mjadala haujafungwa. Mimi niliusoma zaidi ya mara moja, nikawakumbuka wagonjwa waliosukumwa warudi nyumbani kutoka dharura, nikashindwa kuupuuza.

Dodoso la maoni ya wagonjwa sitalizungumzia sana, maana hasira yangu haijaisha. Mgonjwa anaulizwa baada ya kutoka: wauguzi walikusikiliza kwa makini mara ngapi? Majibu ni manne, kuanzia "kamwe" hadi "mara zote". Kwenye alama inayotangazwa na kushindaniwa, linalobeba uzito ni "mara zote". Anayejibu "mara nyingi", kwa moyo mweupe na kwa shukrani, anakushusha. Basi tukapewa maneno ya kusema chumbani ili neno lile limkae mgonjwa kichwani. Wengine tuliyasema, wengine tulikohoa. Lakini hata hapo lilitoka jambo la maana: kuzungukia vyumba kila saa kuuliza maumivu, choo na mkao. Kengele zikapungua, na watu wakaacha kuanguka wakijaribu kwenda chooni peke yao.

Upande wa masomo, kishindo kilitoka kwenye ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya Oktoba 2010 kuhusu mustakabali wa uuguzi. Ilitaka asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ya kwanza ifikapo 2020, wakati huo wakiwa karibu nusu. Ilitaka wenye udaktari wa falsafa na wa vitendo waongezeke maradufu, wahitimu wapya wapewe kipindi cha malezi kazini, na muuguzi aruhusiwe kufanya yote aliyofundishwa. Ndani ya muda mfupi tangazo likabandikwa kwetu: anayeajiriwa na stashahada aahidi kupata shahada katika miaka mitano, na asiye nayo asitarajie kupanda cheo.

Wenzangu wenye mvi walilipokea vibaya, na siwalaumu. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuutafuta mshipa kwa ncha za vidole, macho nimeyafumba. Leo anaambiwa akaandike insha kuhusu nadharia za uuguzi, kwa mtindo wa marejeo ambao hata mwalimu wake huukosea. Takwimu zilikuwa upande wa tangazo: utafiti wa mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake wa 2003 katika hospitali za Pennsylvania ulionyesha kwamba pale ambapo wauguzi wenye shahada ni wengi zaidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Mwenzangu aliniuliza kama waliipima mikono yake katika utafiti huo. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Alistaafu bila shahada, na wodi ikapoteza kitu ambacho hakuna jedwali lililokirekodi.

Mimi nilirudi shule, masomo ya jioni kwa intaneti, hospitali ikinirudishia sehemu ya ada kila nilipofaulu. Nikiulizwa kama shahada ilinifanya muuguzi bora kitandani kwa mgonjwa, nasema kidogo sana. Ilinipa kitu kingine: takwimu, epidemiolojia, na somo la sera za afya ambalo nililichukua kwa sababu tu ratiba iliniruhusu. Humo ndimo niliona kwa mara ya kwanza kanuni inayotumika kukokotoa adhabu ya wagonjwa wanaorudi. Kwa miaka nilikuwa nafanya kazi ndani ya kanuni ile bila kuijua, na wote waliotupangia zamu kwa kuiangalia walikuwa wameisoma.

Lengo la asilimia 80 halikufikiwa mwaka 2020. New York ilipitisha sheria Desemba 2017 inayowataka wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10 ya leseni yao. Majimbo mengine yameachia hospitali ziamue. Na wakati huohuo vyuo vinakataa maombi kwa makumi ya maelfu kila mwaka, ya watu wenye sifa, kwa kukosa wakufunzi na nafasi za mafunzo kwa vitendo. Sababu si fumbo: mwenye shahada ya uzamili analipwa zaidi kliniki kuliko darasani. Nimewahi kufundisha vikundi vya wanafunzi wodini kwa mkataba wa muda. Niliipenda kazi hiyo kuliko nyingine yoyote, na nisingeweza kuishi kwayo.

Mtihani wa leseni umebadilika kwa wema, naona. Tangu Aprili 2023 unampa mtahiniwa faili la mgonjwa linaloendelea kufunguka, unamuuliza umeona nini, kipi kinakutia wasiwasi, utaanza na lipi. Kwa hao wanaonipigia simu: kukariri orodha za dawa peke yake hakuwavushi tena.

Kuhusu wauguzi wa ngazi ya juu, wale wanaopima, wanatambua ugonjwa na kuandika dawa, mafunzo yao yalianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965 kwa juhudi za muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver. Sheria ya 2010 ilipoleta watu wengi wenye bima kliniki, wao ndio waliojaza pengo. Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanawaacha wafanye kazi bila mkataba wa kusimamiwa na daktari. Katika mengine, muuguzi yuleyule akivuka mpaka wa jimbo hubaki na elimu yake yote na kupoteza ruhusa ya kuitumia peke yake.

Baadaye nilifanywa msimamizi wa wodi, nikaanza kukaa kwenye vikao ambavyo zamani nilipokea maazimio yake tu. Hapo ndipo shule ilipolipa. Jambo lililokuwa likinikera kwa muda mrefu ni idadi ya wauguzi kwa zamu. California ndiyo iliyotangulia kuweka kikomo kwa sheria katika wodi zote za hospitali: ilipitishwa 1999, ikaanza kutumika 2004, na tangu 2005 muuguzi wa wodi ya kawaida hapewi wagonjwa zaidi ya watano. Utafiti mwingine wa Aiken, wa 2002, ulikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo baada ya upasuaji. Nilikuwa nimeutaja utafiti huo kikaoni mara kadhaa. Watu waliitikia kwa vichwa, kisha wakaendelea na ajenda.

Kilichowagusa ni saa sita usiku. Bajeti ya wauguzi ilipangwa kwa hesabu ya vitanda vyenye watu saa sita usiku. Saa hizo wodi imetulia. Hesabu haijui kwamba kitanda namba fulani kilikuwa na mgonjwa aliyeruhusiwa saa tano asubuhi, na mwingine aliyelazwa saa tisa alasiri, na kwamba kwa muuguzi hao ni watu wawili, kila mmoja na mazungumzo yake, dawa zake na familia yake. Yaani kazi ileile ambayo sheria ilitutaka tuifanye kwa makini, ya kumpokea mgonjwa na kumwandaa kurudi nyumbani, hesabu ya bajeti ilikuwa haiioni kabisa, kwa sababu hufanyika mchana.

Tuliandika muda. Kila muuguzi aliandika alipoanza na kumaliza kumruhusu mgonjwa, pamoja na simu za kwenda duka la dawa na kumsubiri ndugu aje kumchukua. Niliyaweka maandishi hayo kando ya takwimu za wagonjwa waliorudi ndani ya siku 30, nikaenda nayo kwa mtu wa fedha kabla ya kikao, peke yetu, bila hadhira. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kuambiwa. Aliuliza maswali ya haki, mengine makali, na mwishowe tukapata muuguzi mmoja wa ziada kutoka asubuhi hadi jioni, asiyepangiwa vitanda, kazi yake kuwapokea wanaolazwa na kuwaandaa wanaoruhusiwa. Wenzangu wa wodi nyingine walidhani nina ndugu kwenye utawala.

Tangu uviko, hospitali nyingi zimeanza kuihamishia kazi hiyo kwenye skrini. Muuguzi anakaa chumba cha mbali, anatokea kwenye televisheni ya mgonjwa, anapitia naye dawa na karatasi za kuondoka. Nimeujaribu mpango huo na una faida zake: anayezungumza haitwi na kengele, wala hana viatu vya kukimbilia chumba cha nne. Wauguzi wenye magoti mabovu waliokuwa karibu kuacha kazi wamebaki kwa sababu yake. Ninachobishana nacho sasa na wakubwa wangu ni wahitimu wapya. Ile mizani asiyoiona mzee, zile chupa mbili za dawa moja, nilivijua kwa kusimama pale mkono wangu ukiwa juu ya meza ya mgonjwa. Kama maongezi hayo yote yatafanywa na mtu wa kwenye skrini mwenye uzoefu wa miaka ishirini, muuguzi wa mwaka wa kwanza atajifunza lini kuyafanya? Nimependekeza kila mhitimu, katika mwaka wake wa malezi, awaruhusu wagonjwa mwenyewe, na yule wa kwenye skrini amsikilize na kumsahihisha baadaye. Wameniomba niandike itagharimu kiasi gani, na ndiyo karatasi niliyonayo mezani wiki hii.